Shajara ya mradi: kulanti (maji ya kupozea injini) ya Hilux 5L inabadilishwa kila baada ya muda gani?

Gari ni Toyota Hilux ya dizeli, injini ya 5L, ujazo wa cc 2,986, haina tabo. Rejeta yake ni ya zamani, ya shaba. Kazi yake ni kushusha nyanya za Ilula hadi Morogoro na kupandisha vitunguu vya Ruaha Mbuyuni kurudi Iringa, maana yake kila mzunguko inakutana na mlima Kitonga ikiwa imebeba. Nafanya kazi nyingi mwenyewe nyumbani. Zile za kuchomelea nampelekea fundi. Bei zote ni za Iringa mjini kwa shilingi, siku niliyonunua.

12 Februari 2022, km 312,000. Kabla ya kufungua chochote

Gari lina tabia mbili ambazo ukizisikia kwa pamoja unaweza kudhani geji ni mbovu. Likipanda Kitonga na mzigo, mshale unafika karibu na nyekundu. Likifika juu na kuanza kukimbia Ilula, mshale unashuka mpaka chini kabisa, kama injini imewashwa sasa hivi. Geji ni nzima. Hilo ni gari lililotolewa thamostati, ile valvu inayofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto, na rejeta yake imeziba. Thamostati ikitolewa maji yanazunguka muda wote bila kipimo, injini haifiki joto lake la kazi kwenye tambarare, inakula dizeli zaidi. Na rejeta iliyoziba haitafaidika na huo mzunguko ukifika mlimani.

Nilifungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi. Maji yana rangi ya uji wa ulezi. Raba ya mfuniko imekauka, inavunjika kwa ukucha. Nimechota kiasi kwenye chupa ya soda, nikaandika tarehe juu yake. Nitafanya hivyo kila hatua.

Kuhusu muda wa kubadilisha, nimekusanya majibu matatu mtaani. Fundi wa jirani anasema huku kwetu hakuna barafu, maji matupu yanatosha. Muuza spea anasema ya kijani ni miaka miwili, nyekundu ni mitano. Dereva mmoja wa siku nyingi anasema kulanti haibadilishwi, unaongezea tu ikipungua.

Fundi ana nusu ya ukweli, na ndiyo maana hoja yake haifi: maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko maji yaliyochanganywa na glaikoli, kile kimiminika cha msingi cha kulanti. Ila maji yanachemka mapema na hayana dawa ya kutu. Iringa tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji kwenye sufuria yanachemka karibu nyuzi 95, si 100. Rangi nayo haina sheria. Kila kiwanda kinatia rangi yake, kwa hiyo kijani cha huyu kinaweza kuwa na dawa tofauti kabisa na kijani cha yule. Soma lebo, rangi iache. Na wa kuongezea tu, ndiye aliyetuletea huu uji.

Mwenye gari wa kwanza hakuacha kumbukumbu yoyote. Kwa hiyo swali la "kila baada ya muda gani" kwa sasa halijibiki, kwa sababu hakuna siku ya kuanza kuhesabu. Mradi wenyewe ni kuipata hiyo siku.

19 Februari 2022. Kumwaga na kuosha

Koki ya chini ya rejeta ilifunguka bila shida, ikatoka kama lita 4. Wengi wanaishia hapo na kusema wamebadilisha maji. Mfumo huu unachukua karibu lita 9. Nusu nyingine imo kwenye bloku, yaani mwili wa injini, na kwenye hita.

Plagi ya bloku ilikuwa imeshikwa na kutu. Niliipulizia mafuta ya kulainisha jioni, asubuhi nikaigonga taratibu, ikakubali spana. Ilipotoka, hakikutoka kitu. Tundu lilikuwa limejaa tope gumu. Nilichokonoa kwa waya wa hanga mpaka ukapenya, kwanza kikadondoka kidonge cha kutu ukubwa wa ncha ya kidole, kisha maji mekundu yakaruka hadi kwenye mkono wa shati. Kama ningemwaga rejeta peke yake, haya yote yangechanganyika na kulanti mpya siku hiyo hiyo.

Kuosha: nusu kilo ya ndimu ya unga, ile inayouzwa kwa ajili ya juisi, niliyeyusha kwenye maji ya moto nikajaza mfumo. Hita iwe wazi upande wa joto, la sivyo sehemu yake haioshwi. Kwa kuwa hakuna thamostati injini ilikataa kupata moto, ikabidi nikinge rejeta kwa boksi la karatasi. Ikanguruma taratibu karibu saa nzima, nikamwaga ingali vuguvugu. Usiiache ndimu ilale usiku kucha, itaanza kula chuma badala ya ukoko. Baada ya hapo ni maji safi, washa, mwaga, rudia mpaka yanayotoka yawe meupe.

Nilishauriwa pia nitumie sabuni ya unga ya kufulia. Sikutaka. Povu likibaki ndani linabeba hewa, na hewa kwenye mfumo huu ndiyo inayochemsha gari.

26 Februari 2022. Rejeta imeanza kuvuja

Asubuhi yake nilikuta kidimbwi chini ya gari. Ndimu imeng'oa kutu, na kutu ndiyo iliyokuwa imeziba mshono wa tenki la chini. Mtu anaweza kusema usafi umeharibu rejeta. Naona usafi umeonyesha rejeta ilivyo, na heri imeonekana hapa nyumbani kuliko katikati ya Kitonga.

Fundi wa rejeta alifungua tenki la juu mbele yangu. Karibu theluthi ya mirija imeziba, mingine ukoko mweupe wa maji ya bomba, mingine kutu. "Kaka, hii ilikuwa inapoza na upande mmoja tu," akaniambia. Akapitisha bapa jembamba la chuma mrija mmoja mmoja, akachomelea mshono kwa risasi, akajaza upepo na kuizamisha kwenye pipa la maji kuangalia mapovu. Elfu 70.

Kazi hii inawezekana kwa rejeta ya shaba. Kama yako ni ya alumini yenye matenki ya plastiki, ikiziba kiasi hiki utanunua nyingine.

5 Machi 2022. Thamostati na mfuniko

Nilinunua thamostati ya elfu 12, imepigwa mhuri wa nyuzi 82. Kabla ya kufunga niliining'iniza kwa uzi kwenye sufuria ya maji jikoni, pamoja na kipimajoto cha kupikia, isiguse chini. Maji yakafika 82, kimya. Yakafika 90, kimya. Yakaanza kuchemka kabisa, kipimajoto kinasoma 95 na hakipandi tena, ndipo mdomo wake ukaachia upenyo ambao wembe ungepita kwa shida. Hiyo ingefungwa kwenye injini ingechemsha gari lenye kila kitu kingine kizima, na lawama ingeiendea kulanti.

Ya pili, elfu 38, ilianza kuachia kipimajoto kikisoma 83, na maji yalipochemka ilikuwa wazi zaidi ya milimita 8. Hiyo ndiyo imefungwa, kale kapini kadogo ka kupitishia hewa kakiwa juu. Nadhani hapa ndipo mafundi wengi walipojifunza kuzitoa: wamekutana na mbovu nyingi mno, wakaona hasara ya kutokuwa nayo ni ndogo.

Mfuniko mpya umeandikwa 0.9. Huo ni mgandamizo juu ya ule wa hewa, na kazi yake ni kubwa kuliko watu wanavyoipa. Ukishika sawasawa, hata maji matupu hapa Iringa hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Ukiwa na raba iliyokufa unarudi kwenye 95 ile ya sufuria. Elfu 15 tu.

12 Machi 2022, km 313,000. Kujaza

Nimechagua kulanti nyekundu ya Toyota ya Long Life, ile nzito isiyochanganywa, galoni ya lita 4, elfu 65. Muda wake wa kitabuni ni miaka 2 au km 40,000. Ipo ya waridi, Super Long Life, inayokaa muda mrefu zaidi, lakini hiyo inakuja ikiwa imeshachanganywa nusu kwa nusu. Kwenye mfumo uliotoka kuoshwa kuna maji yanayobaki bloku na hita hata ufanyeje, na yataipunguza nguvu kabla hujawasha gari. Nzito haina tatizo hilo: unamimina galoni nzima kwanza, kisha unamalizia kwa maji, na yale yaliyobaki ndani yanahesabiwa humo humo.

Maji ya kumalizia ni maji ya betri, yaliyosafishwa. Angalia unachopewa dukani, maana kuna tindikali ya betri inayokaa kwenye chupa za kufanana. Maji ya bomba ya kwetu yanaacha ukoko kwenye birika, na dawa za kulanti za Kijapani zina fosfeti ambayo ikikutana na chokaa inatengeneza unga mweupe.

Nilijaza, nikazungusha mtaa, nikaongezea, nikaona imekwisha. Kesho yake kabla ya kufika Ilula mshale ukaanza kupanda na hita ikatoa upepo baridi. Dalili hizo mbili zikija pamoja ni hewa imekwama ndani. Dawa yake: paki gari pua ikiangalia juu ya mlima, injini ipoe kabisa, fungua mfuniko, hita upande wa joto, washa, minyaminya hozi ya juu, gusa mafuta kidogo kidogo. Yakapiga mapovu makubwa, kiwango kikashuka ghafla, likaingia karibu lita nzima. Tangu hapo mshale umekaa chini kidogo ya nusu, Kitonga na Ilula sawasawa.

Kifaa cha kupimia glaikoli kwa mwanga, elfu 45, kinasoma asilimia 43. Kwa hali yetu inatosha. Ukishuka chini ya 30 dawa ya kutu inakuwa hafifu. Ukizidi 60 upoaji unapungua. Kumbuka tu kwamba kifaa hiki kinapima glaikoli peke yake. Glaikoli haiishi haraka. Kinachoisha ni dawa, na hicho hakionekani kwa mwanga.

Nimebandika kipande cha tepu chini ya boneti: tarehe, kilomita, jina la kulanti, asilimia.

9 Aprili 2022. Umeme ndani ya kulanti

Nilipima kwa mita ya umeme kama kawaida ya kuangalia dawa: waya mwekundu unachovya kwenye kulanti bila kugusa chuma, mweusi kwenye hasi ya betri, injini imezimwa. Chini ya volti 0.3 ni salama. Ilisoma 0.15. Vizuri.

Kisha nikawasha injini na taa na feni ya ndani. Ikaruka hadi 0.6. Kulanti ya mwezi mmoja haiwezi kuwa imekufa, na ingekuwa imekufa ingesoma hivyo hata injini ikiwa imezimwa. Kinachopanda ukiwasha mizigo ya umeme ni ethi mbaya: umeme unaokosa njia ya kurudi betri unapita kwenye maji ya rejeta, na unaila rejeta kutoka ndani. Nilifuata waya wa ethi kutoka injini kwenda kwenye bodi, nikakuta nyuzi zake zimebaki chache na kichwa kimejaa ukungu wa kijani. Waya mpya na kukwangua rangi pale unapofungwa, elfu 8. Ikarudi 0.17 taa zote zikiwaka.

Hili silisikii likitajwa gereji. Mtu anabadilisha kulanti kila mwaka, rejeta inatoboka kila mwaka, anabadilisha aina ya kulanti.

Gharama mpaka hapa, pamoja na ndimu, maji ya betri ya elfu 9 na vikaratasi vya pH (vya kupimia uchachu wa kulanti) vya elfu 10: shilingi 278,000. Kulanti yenyewe haifiki robo yake.

3 Desemba 2022, km 328,000

Glaikoli 42, pH inakaribia 8, volti 0.19. Chupa ya sampuli ni nyekundu safi. Sijaongezea kitu zaidi ya kikombe kwenye tenki la akiba, kutoka kwenye chupa niliyochanganya mwenyewe na kuiweka nyuma ya kiti.

20 Agosti 2023, km 343,000. Wota pampu

Pampu ilianza kutoa maji kwenye kile kitundu chake cha chini tukiwa Ruaha Mbuyuni na mzigo umeshapangwa. Chupa ya nyuma ya kiti iliisha kabla hatujagusa mlima. Tulipanda Kitonga kwa maji ya kisima, tukisimama na kuongezea, na gari likafika.

Pampu mpya elfu 120. Swali lilikuwa kulanti iliyobaki ndani: bado ina miezi saba kwenye kalenda yake. Niliipima, glaikoli 22. Ningeweza kumwaga kiasi na kuongeza nzito hadi irudi 43, na ndivyo nilivyokuwa nimepanga. Kilichonizuia ni chupa ya sampuli. Ilikaa dirishani usiku kucha, asubuhi chini kulikuwa na tabaka la unga mweupe unaosimama ukiitikisa na kulala tena. Fosfeti imekutana na chokaa ya kisima. Ningeongeza nzito, unga ungebaki, na ungetulia kwenye mirija ile ile niliyoilipia elfu 70.

Nikamwaga yote, plagi ya bloku ikiwemo, nikasuuza kwa maji ya betri, nikajaza galoni mpya: elfu 68, na maji elfu 9. Tepu mpya chini ya boneti. Kwa hiyo muda wa kitabuni haukufika mara ya kwanza, na haukufika kwa sababu ya maji yaliyoongezwa, si kwa sababu ya kilomita.

Ile iliyomwagwa ipo kwenye dumu lenye kifuniko. Glaikoli ni tamu na ni sumu. Mbwa na mbuzi wanainywa wakiikuta kwenye beseni. Gereji inayokusanya oili chafu iliipokea, ila walisisitiza isichanganywe na oili.

23 Agosti 2025, km 381,000. Miaka miwili kamili

Safari hii hakuna ajali iliyoingilia. Vipimo: glaikoli 42, pH imeshuka hadi kama 7.5, volti 0.27. Ilikuwa 0.16 ilipokuwa mpya. Rangi bado nyekundu, imefifia kidogo ukiiweka pembeni ya mpya. Plagi ya bloku ilifunguka kwa mkono mwepesi na maji yakatoka mara moja, hakuna tope, hakuna kutu.

Ingeweza kuendelea? Kwa miezi kadhaa, naamini ingeweza. Lakini 0.27 iko jirani na 0.3, km 38,000 ziko jirani na 40,000, na kalenda imetimia. Mara chache vipimo vitatu vinakubaliana hivi. Galoni sasa ni elfu 75, maji elfu 10. Gasketi ya silinda hedi na kusawazisha hedi ni bei ambayo sitaki hata kuiulizia. Nimebadilisha.

Jibu langu kwa gari hili basi: kulanti nyekundu hii, kila miaka 2 au km 40,000, kinachotangulia, na kabla ya hapo siku yoyote itakapoingia maji ya barabarani zaidi ya lita moja. Kupima kwa mita ya umeme ni kila ninapobadilisha oili, ni kazi ya dakika.

30 Agosti 2025. Pikapu ya shemeji

Shemeji ana Hilux mpya, injini ya 2.4, imefika km 45,000. Aliponiona namwaga yangu akaleta na yake. "Shemeji, nami nimeshapita elfu 40, nibadilishie."

Nikamfungulia boneti. Tenki la akiba lina kulanti ya waridi ya kiwandani, na hiyo Toyota wanaiandikia km 160,000 kwa mara ya kwanza, kisha kila km 80,000. Nikapima, volti 0.09. Nikamwambia asiiguse.

"Sasa mbona yako umemwaga na ilikuwa bado nyekundu?"

Nikamwonyesha lebo mbili. Yake ina dawa inayoisha polepole, na mfumo wake haujawahi kufunguliwa tangu kiwandani. Yangu ni aina nyingine, kwenye injini yenye historia. Angenunua galoni nyekundu kwa kufuata tarehe zangu, angetoa iliyo nzima na kuweka yenye umri mfupi. Kitu pekee nilichompa ni chupa ya lita moja ya maji ya betri, akae nayo kwenye gari. Ikipungua kidogo aongezee hayo, na ikipungua tena atafute inakovujia.

Kinachofuata

Klachi ya feni, kile kiungo kinachoishika feni injini ikipata moto. Injini ikiwa ya moto feni inazunguka kirahisi kwa mkono kuliko inavyotakiwa, na juzi Kitonga mshale ulivuka nusu kidogo kwa mara ya kwanza tangu rejeta itengenezwe. Kulanti ni mpya na thamostati nimeirudisha kwenye sufuria, ni nzima. Nitaandika nikishapata ya kujaribia.